Pikipiki ya mtumba: kaa kwenye hayo mazungumzo, mama (Sehemu ya 3)

Leo niko off, watoto wamelala, basi tuendelee. Sehemu mbili za mwanzo tuliongea kuhusu kujiandaa na safari ya kwenda kujifungua. Baada ya hapo wengi mmenifuata pembeni na swali moja: "Dada nesi, mume wangu amepata pikipiki iliyotumika, bei nzuri, tuchukue?" Leo ndo zamu ya swali hilo.

Kwa mnaosoma mkiwa Dar au Dodoma, niwaeleze kidogo. Rungwa ni Singida lakini sio Singida ile ya alizeti mnayopita na basi. Ukitoka Itigi unaingia porini, barabara inashuka kusini mpaka Makongolosi kule Chunya. Kuanzia Mkiwa hadi Makongolosi ni zaidi ya kilomita 400. Pembeni ni pori la akiba, mbung'o wanakung'ata hata juu ya jinzi, na tembo akivuka unamsubiri yeye. Kiangazi mchanga, masika tope. Huku pikipiki sio ya kubarizi. Ndiyo inayotoa asali porini na ndiyo inayoleta mtoto mwenye degedege kituoni saa nane za usiku. Ikigoma njiani, anayekaa gizani na mtoto mgongoni ni wewe.

Halafu hela yenyewe. Nyumba nyingi za huku hela ya pikipiki inatoka kwenye asali, ufuta au mgao wa kikoba. Inakuja mara moja kwa mwaka. Ukiitumbukiza kwenye chuma kibovu, unasubiri msimu mwingine. Kwa hiyo usiniambie hayo ni mambo ya wanaume.

Kwetu ubishi ulichukua wiki tatu. Baba watoto alitaka Yamaha DT, zile ndefu zilizokuwa zinatumiwa sana na miradi na maofisa ugani. Kwenye mchanga inaruka kama swala, sikatai. Na ule mlio! Wanaume na mlio jamani. Mimi nilitaka Boxer. Sababu yangu ilikuwa moja: DT injini yake inachoma oili pamoja na petroli. Ina katenki kake ka oili, na kakikauka bila wewe kujua, pistoni inakwama na injini imekufa. Petroli nayo inakunywa haswa. Na kipuri chake ukikihitaji unaanza kupiga simu Mbeya, wakati cha Boxer unakikuta hata duka linalouza sabuni.

Nina shemeji yangu yuko Mwanza, anahangaika na boti za fiber za mtumba. Nilipomweleza ubishi wetu alicheka sana. Akasema wateja wake ni hivyo hivyo, mtu anaona boti ya kasi yenye matumbo mawili, mfano wa zile za Azam za kwenda Unguja ila ndogo, ina injini mbili, anapagawa. Hakumbuki kwamba injini mbili ni plagi mara mbili, oili mara mbili, petroli mara mbili, na injini moja ikifa ile nyingine inakusukuma upande mmoja. Akasema pia injini ya boti haina kilomita, unauliza imetembea saa ngapi, na muuzaji atakudanganya tu. Yeye haangalii rangi. Anaangalia chini ya maji, pale pasipopakwa rangi ya kuuzia. Baba watoto alisikiliza yote hayo kwenye spika. Tukanunua Boxer.

Sasa siku ya kwenda kuangalia. Nenda naye. Mkifika, kabla hajaiwasha, weka mkono karibu na injini. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha kuificha tabia yake ya asubuhi. Mwambie mtarudi ikipoa. Ikiwashwa ikiwa baridi ndo utajua kama inataka mateke kumi. Angalia moshi: kwa hizi za Boxer na TVS, moshi wa bluu usioisha maana yake oili inapita kwenye moto, na hiyo ni hela ya kufungua injini. Pandisha tairi la mbele, litikise kushoto na kulia; likicheza, beringi zimekwisha. Kaa juu yake uibonyeze, shokapu ikilia au ikivuja mafuta, toa hela hiyo kwenye bei. Na uende na fundi wako. Fundi wa muuzaji ni wa muuzaji.

Lakini kinacholiza watu sio injini. Ni kadi.

Kuna mama nilimhudumia kliniki, ameniruhusu nieleze bila jina. Mimba ya miezi saba. Mumewe alilipa hela yote ya asali ya msimu, akapewa pikipiki na kopi ya kadi. Kopi! Muuzaji akasema kadi yenyewe iko kwa kaka yake mjini, italetwa. Kumbe ile pikipiki ilikuwa ya mkataba, yaani kijana alipewa na tajiri ailipie kidogo kidogo, na kadi iko kwa tajiri mpaka deni liishe. Deni halikuisha. Miezi miwili baadaye tajiri akaja na mgambo, akaonyesha kadi, akaondoka na chombo chake. Kisheria ni chake. Kijana simu haipatikani. Yule mama alikuja kliniki presha imepanda, na hela ya nauli ya kwenda Itigi kujifungua ilikuwa ndani ya ile pikipiki. Presha nilijua nianzie wapi. Hela sikuwa na dawa yake.

Kwa hiyo: kadi halisi mkononi au hakuna biashara. Namba ya chasisi imegongwa pale shingoni chini ya usukani, ya injini iko kwenye injini yenyewe. Soma moja moja, wewe unasoma yeye anafuata kwenye kadi. Ukiona pamekwanguliwa au pamepigwa rangi mpya hapo tu, ondokeni. Kwa namba ya usajili mnaweza kuangalia mtandaoni kama ina deni la faini za trafiki. Andikishaneni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi, jina kama lilivyo kwenye kadi, kisha mkabadilishe umiliki TRA. Najua ni safari na ni gharama. Wengi huku wanaliacha hilo hivyo hivyo, na siku ya ajali au ya wizi anayetafutwa ni mtu ambaye hata humjui.

Matunzo sasa. Nina daftari, limening'inia jikoni karibu na daftari la maziwa. Oili inaandikwa tarehe na kilomita. Eya klina, ile sifongo ya kuchujia hewa, kwa vumbi letu hili inatolewa na kusafishwa mara kwa mara. Ikiziba pikipiki inakula petroli na kukosa nguvu, unaanza kulaumu injini. Cheni ipakwe oili, isilegee ikaning'inia wala isikazwe kama kamba ya kuanikia. Ikifika kubadilishwa, badilisha na sproketi zake zote, maana cheni mpya kwenye meno yaliyokwisha inaliwa haraka. Breki na tairi sitaki mjadala. Kipara ni kipara.

Kila pikipiki ikiingiza hela, kuna kiasi kinaingia kwenye kopo kabla ya kitu kingine. Mwanzo baba watoto alikuwa analichungulia lile kopo kama paka anavyochungulia dagaa. Sa hivi amezoea.

Na sasa naongea kama nesi. Ekzosi inaunguza hata baada ya injini kuzimwa. Vidonda vya ndani ya mguu wa kulia navifunga kila wiki, vingi ni vya watoto waliopanda au kucheza pembeni yake. Mtoto akiungua, maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, kisha funika na kitambaa safi uje kituoni. Sio dawa ya meno, sio yai, sio kinyesi cha ng'ombe. Asali yetu naipenda, lakini nayo iache kwenye chai.

Petroli isikae kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Ikirudi inaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndo hatari ilipo. Mlete kituoni haraka.

Usimweke mtoto mbele juu ya tenki. Kofia ngumu ni mbili, yako na yake, sio moja ya dereva. Na kuwa na pikipiki ndani hakumaanishi uchungu ukianza na damu inatoka upakiwe hapo. Piga 115, ni bure, ndiyo namba ya M-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Ongea na kituo chako mapema ujue kwa kijiji chenu gari linatokea wapi.

Yetu ina mwaka na nusu sasa. Mwezi huu fundi amesema cheni na sproketi zimefika mwisho, na binti yangu anadai viatu vya shule. Kopo lina hela ya kimoja. Nimeanza na cheni, maana hivyo viatu vyenyewe vinafuatwa Itigi.