Vyombo vya Kumsaidia Mfanyakazi Mwenye Akili ya Namna Yake

Sisi twaishi Omate, upande wa Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Kazi ya huku ni dhahabu. Wengine wachimba shimoni, wengine wabeba mawe, akina mama watwanga, wengine waosha mchanga, wengine wakaa kwenye mizani. Sisi twatunza ghala la vyombo: beleshi, sururu, nyundo, kamba, tochi na bidoni. Kwa hiyo twakutana na watu wengi kila siku, na tumejifunza jambo ambalo twapenda kuwaeleza.

Kuna watu ambao akili yao haipiti njia ya wenzao. Si wajinga, si wavivu, wala hawana kichaa. Mmoja apiga hesabu kichwani kumshinda karani, lakini herufi zamponyoka kama samaki mkononi. Mwingine aona katika jiwe alama ndogo ambayo sisi hatuioni, lakini makelele yamwumiza kama fimbo. Mwingine aanza kazi tano kwa bidii kubwa, asimalize hata moja, kwa maana fikira zake zarukaruka.

Mambo hayo si mapya, wala si ya kabila moja. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeshindwa kabisa kusoma, ijapokuwa alifundishwa miaka mingi. Lakini kijana huyo alizidisha 749 kwa 867 upesi, na jibu lilikuwa sawa. Mwalimu wake alisema kwamba angaliwashinda wote shuleni kama mafundisho yote yangalikuwa ya mdomo tu. Shida hiyo yaitwa disleksia. Mwaka 1943, huko Marekani, daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wenye hali ambayo leo kwa Kiswahili twaiita usonji. Huku kwetu watu wa namna hizo wako tangu zamani. Majina tu ndiyo tuliyokosa, tukasema: “Amerogwa,” au “Ana kiburi,” au “Kichwa chake ni kigumu.”

Tutoe mfano mmoja. Ghalani kwetu yuko kijana, jina lake hatulitaji. Ni mwaminifu, na hesabu za mikopo azijua zote kwa moyo. Lakini kila alipoandika katika daftari, majina yaligeuka. Kamba za shimo hili ziliandikwa kwa shimo lile. Siku moja wachimbaji wa mashimo mawili nusura wapigane kwa ajili ya beleshi sita. Mwenye ghala akasema, “Kijana huyu ni mwizi au ni mpumbavu. Jumamosi ataondoka.” Kijana akajibu polepole, “Baba, mimi si mwizi. Niulize kwa mdomo, nitakuambia yote.” Akaulizwa, akataja vyombo vya mashimo tisa bila kukosa.

Basi tukatafuta njia. Kila shimo tulilipa rangi yake, tukapaka rangi hiyo kwenye mipini ya vyombo na juu ya ukurasa wa daftari. Mahali pa majina ya vyombo tulichora picha: beleshi, nyundo, tochi. Yeye atia mistari tu chini ya picha. Tena kila jioni asema hesabu yote ndani ya simu, na simu yaitunza sauti yake. Kazi hiyo haihitaji mtandao. Yahitaji moto wa betri tu, nao twaupata kwa kibao cha jua. Mchimbaji akibisha, twafungua simu, sote twasikiliza. Tangu siku zile hakuna aliyegombana juu ya daftari, na kijana yuko kazini hata leo.

Watu wa mijini wanavyo vyombo vingine. Ziko simu na mashine za kompyuta zinazosoma maandishi kwa sauti. Mwaka 2017 kampuni ya Google iliongeza Kiswahili kati ya lugha ambazo simu yaweza kuzisikia na kuzigeuza kuwa maandishi. Kwetu sisi Kiswahili chetu chachanganyika na Kifaransa, basi simu hukosea mara nyingi. Lakini kengele ya simu yamfaa sana yule mwenye fikira za kurukaruka: yalia, naye ajua kwamba sasa ni saa ya kumaliza kazi ya kwanza. Orodha ya picha ukutani, kwa taratibu ya asubuhi hata jioni, yamfaa yule asiyevumilia kazi kubadilishwa ghafula. Mwenye kuumizwa na makelele hufaa apate vifuniko vya masikio.

Hapa pana hatari, nasi twaisema wazi. Vifuniko hivyo visishushwe shimoni kamwe. Shimoni masikio ndiyo mlinzi: jiwe likianza kulia, mtu husikia, hukimbia. Vifaa vya kuziba masikio ni vya juu, kwenye mashine ya kusaga mawe, na hata huko lazima pawepo ishara ya tochi au bendera ya kumwita aliyevivaa.

Tena tusichanganye mambo mawili. Mwezi wa Machi mwaka 2025 vita vya M23 viliingia mpaka kituo cha Walikale. Wako wengi wanaoruka kwa hofu wakisikia kishindo, kwa sababu ya mambo waliyoyaona. Hilo ni jeraha la moyo, lataka tiba na mtu wa kumsikiliza. Mwenye usonji amezaliwa hivyo. Kifuniko cha masikio chaweza kuwapumzisha wote wawili, lakini shida zao si moja.

Labda msomaji atauliza: “Kwa nini kumpendelea mmoja?” Twamjibu: mwenye macho mabaya akivaa miwani, je, amependelewa? Amepewa tu kile ambacho wengine wamezaliwa nacho. Wala si huruma peke yake, ni haki. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya watu wenye ulemavu, katika fungu la 27, yataka kazi itengenezwe ili mtu huyo aiweze. Nchi yetu ya Kongo iliyakubali mwaka 2015, ikatoa sheria yake yenyewe tarehe 3 Mei 2022. Jirani zetu wa Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2010, wamemwamuru kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awaajiri wenye ulemavu, wasipungue 3 katika kila 100. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Mchimbaji wa huku hana barua ya kazi. Akifukuzwa leo, kesho hana pa kulalamika. Yule anayesimama karibu naye ndiye wa kumtetea.

Twasema hivi kwa sababu si kila habari imekwisha vema. Palikuwa na dada mmoja mwoshaji wa mchanga, mwenye macho makali sana, ambaye mashine ilimtesa. Alipopata vifuniko vya masikio alifanya kazi siku nzima kwa utulivu. Akaja msimamizi mpya, akasema ya kuwa mwanamke huyo amdharau, maana akiitwa haitiki. Akamvua vifuniko mbele ya watu. Dada yule hakurudi tena. Chombo kilikuwa kizuri, lakini mwenye kuamuru hakuelezwa, wala hakuuliza.

Kwa hiyo, ndugu zetu wenye mashimo, maduka na karakana, yafaa mshike mambo manne. Kwanza, mwulizeni mwenyewe ni nini kinachomzuia, maana yeye ajua kuliko ninyi. Pili, waelezeni wenzake maana ya chombo chake, wasikicheke. Tatu, msikate mshahara wake kwa ajili ya chombo, kama vile hamkati kwa ajili ya beleshi. Nne, msimamizi akibadilika, yule anayeondoka amweleze yule anayeingia, mbele ya mfanyakazi mwenyewe.

Rangi kidogo, picha kumi na simu ya zamani zilitosha kumponya kijana wetu asifukuzwe kama mwizi. Tazameni mahali penu pa kazi. Labda yuko mmoja ambaye Jumamosi hii ataambiwa aondoke. Kabla hajaondoka, mwulizeni kwa mdomo.