Panya Wawili wa Kibuta



Tangu tupangiwe utume hapa Kibuta, wilayani Kisarawe, swali tunaloulizwa zaidi na majirani, Waislamu kwa Wakristo, halihusu ndoa wala ubatizo. Wanauliza: "Hivi ninyi, kwa nini mnafuga panya?"

Ni swali la haki. Watu wa hapa wanategemea shamba, na panya ni adui wa shamba na wa ghala. Hufukua mbegu kabla haijaota, na kinachovunwa hukifuata hadi ndani ya gunia. Mama aliyepoteza mahindi yake kwa panya ana kila sababu ya kushangaa akiona waseminari wanawamenyea panya ndizi. Tunaandika haya tukimfikiria yeye kwanza.

Panya wetu ni panya buku, majike wawili wa tumbo moja. Mama yao aliuawa kwa jembe shamba likilimwa, na watoto wa jirani wakatuletea wachanga hao ndani ya kikapu. Kabla ya kuamua lolote tulimwita afisa mifugo. Alitukumbusha kwamba panya huweza kubeba magonjwa, ikiwemo homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022. Basi tukajiwekea masharti: wasiingie jikoni, anayesafisha kizimba avae glavu, na kila anayewashika anawe kwa sabuni.

Kizimba tulikijenga wenyewe, barazani, penye kivuli na upepo, mbali na stoo. Kina urefu wa mita moja na nusu. Wavu wa kuku haufai, kwa kuwa panya buku ana meno ya kuukata. Tulitumia wavu mzito wa chuma. Chini tunaweka maranda makavu kutoka kwa seremala na kuyabadilisha kila yakilowa. Ndani kuna chungu cha udongo kilicholazwa ubavu, kwa sababu mnyama huyu hulala mchana na hupenda giza na ubaridi, kama shimoni kwake. Kuna pia kipande cha mti wa mwembe cha kutafuna, maana meno yake hayaachi kukua. Chakula ni karanga, dagaa, ndizi, mboga na muhogo uliopikwa. Wakipewa kingi hukijaza katika vifuko vya mashavuni na kwenda kukificha chunguni.

Kazi hii imetufundisha kwamba kumtunza kiumbe ni kumuuliza yeye anahitaji nini. Sisi tungependa waamke mchana tuwaonyeshe wageni. Wao wanataka usiku na utulivu. Kizimba kizuri ni kile kinachomfaa anayelala ndani yake.

Wapo Watanzania waliolijua hilo kabla yetu. Morogoro, shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, hushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo ingemchukua mtaalamu wa darubini hadi siku nne. Sampuli anazozishuku hupimwa tena maabara, na hivyo hupatikana wagonjwa ambao kipimo cha kwanza hakikuwaona. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Tanzania, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 nchini Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza.

Habari hiyo tulimsimulia jirani yetu mmoja mzee, aliyekuwa katikati ya dozi ya miezi sita ya kifua kikuu. Watu walikuwa wameshamtengea kikombe na kiti, ingawa ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe. Alikuwa akija jioni kukaa barazani, karibu na kizimba. Aliposikia, alicheka mpaka akakohoa: "Kumbe panya wananitafuta, wakati ndugu zangu wananikimbia!" Hatukuwa na la kumjibu. Tulimmiminia chai katika vikombe vyetu, na tangu hapo tunakunywa naye.

Mtakatifu Martino wa Porres, bruda Mdominiko wa Lima aliyefariki mwaka 1639, anakumbukwa katika mapokeo kwa kuwaomba panya waliokuwa wakiharibu nguo za sakristia wahamie bustanini, naye akawapelekea chakula huko. Nguo zilisalimika, na panya hawakufa njaa. Basi mama, hilo ndilo jibu letu: ghala lako lina haki ya kulindwa, na panya wetu wana mahali pao, mbali nalo.

Hatumshauri mtu aende porini kukamata panya. Tunaomba jambo dogo zaidi. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya ukapime. Na kama jirani yako yuko kwenye dozi, mpelekee kiti, kaa naye.