Mchina wa Mifuko Minne

Wachina walionifundisha mzinga jeshini Tanzania miaka ya sabini hawakuwa na vyeo. Jeshi lao lilivifuta mwaka 1965. Begani hapana nyota, mkononi hapana tepe. Kwao ofisa alijulikana kwa mifuko minne ya koti, askari wa kawaida akiwa na miwili. Sisi tuliorithi saluti za Mwingereza tulitaabika kweli. Mkubwa wao, mzee mwenye mvi chache, alikuwa akiinama mwenyewe kufuta grisi kwenye mtutu, halafu mkalimani anasema "tena", na sote tunaanza upya.

Februari 1979, katika vita na Amin, tulikuwa ndani ya Uganda tunaisogelea Masaka. Redio ya mwenzetu, betri zake zimefungwa kwa mpira, ikatangaza kwamba China imeingia Vietnam. Ilikuwa tarehe 17. Tukatazamana. Mwalimu na mwanafunzi wako vitani mwezi mmoja, kila mtu na jirani yake! Tena Wavietnam nao walikuwa wamepewa silaha na Mchina huyo huyo. Katikati ya Machi, sisi tumeshaipita Lukaya, Wachina wakarudi kwao wakisema wameshawatia adabu. Baadaye nikasoma kwamba vikosi vilipochanganyika kule milimani, ilikuwa tabu kujua nani anamwamuru nani. Sikushangaa. Mtu akilala kwenye tope, mifuko yake utaihesabu vipi? Vyeo vikarudishwa mwaka 1988.

Tangu hapo nawafuatilia kama mchezaji mstaafu anavyoifuatilia timu yake ya zamani. Kwanza ilikuwa idhaa ya Kiswahili ya Radio Peking, ambako sikumbuki kusikia habari ya kushindwa. Siku hizi ni simu ya mjukuu. Nimewaona mwaka 2012 wakiingiza jeshini Liaoning, meli ya kubeba ndege waliyoinunua Ukraine ikiwa gofu, na mwaka 2019 Shandong, waliyoiunda wenyewe. Gwaride la Beijing la Septemba 3, 2025 lilipitisha hadi mbwamwitu wa chuma juu ya magari. "Babu, hawa ndio waliokufundisha?" Nikamwambia hao ni wajukuu wao.

Lakini Juni 2020, kwenye bonde la Galwan, Wachina na Wahindi waliuana kwa marungu na mawe, kwa sababu makubaliano yao yanakataza risasi mpakani. India peke yake ilipoteza askari 20. Mataifa mawili yenye bomu la nyuklia! Habari hiyo niliielewa kuliko zote za miaka hii.

Kijiweni vijana hawaachi kuniuliza: "Afande mzee, Mchina anaichukua lini Taiwan?" Idadi ya makombora wanayo kichwani. Mimi huwarudisha Kyaka. Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilivunja daraja la Mto Kagera, na mto ule, ambao wala si mpana, ukatusimamisha. Mizinga ipo, hasira ipo tele, ng'ambo wananchi wetu wanauawa na ng'ombe wao wanaswagwa kwenda Uganda, nasi tunasubiri wahandisi waunge daraja la vyuma. Sasa Mlango wa Taiwan, hata pale unapobana, ni kilomita 130 hivi, na mawimbi yake si ya kuchezea. Tuseme askari umewavusha. Kesho yake maji yao, mafuta yao na risasi zao zinavuka na nini? Hapo vijana huniona mzee nimechoka, wanarudi kwenye makombora.

Mwanzoni mwa 2025 zikatoka picha kutoka Zhanjiang, kusini mwa China: matishari makubwa yanayoshusha miguu hadi chini ya bahari, yakaunganishwa moja kwa jingine kuwa gati refu linaloishia ufukweni. Kijiweni wakasema hizo ni meli mbaya tu, hazina hata mzinga. Mimi niliikuza picha kwa vidole, nikaanza kutafuta malori yatapita upande gani.