Kufanana si Kufaana

Leo nina neno kwa vijana wenye Subaru, na kwa akina mama wanaokaa macho usiku wakisubiri mlio wa hizo Subaru getini.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kushika maikrofoni nilishika spana. Ndiyo maana gari likianza kulia nyuma, simu yangu nayo hulia. Mwaka huu nimepigiwa kuhusu difu mara nyingi kuliko kuhusu harusi! Basi niandike mara moja, tusaidiane.

Difu ya nyuma ni ile nyumba ya chuma iliyo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani kuna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, na krauni, gia kubwa inayopeleka nguvu kwa magurudumu. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni, unapata reshio. Meno 40 kwa 9 ni 4.444. Meno 37 kwa 9 ni 4.111. Meno 39 kwa 10 ni 3.9. Kwa hivyo, ukiwa na 4.444, propela huzunguka karibu mara nne na nusu ili gurudumu lizunguke mara moja.

Nambari kubwa hulipa gari nguvu ya kuchomoka na kupanda mlima, lakini injini hupiga kelele zaidi barabarani. Gari la 3.9 likienda na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukiliwekea 4.444 mbele na nyuma, kwa mwendo uleule na gia ileile, injini itazunguka karibu mara 3,420. Mafuta nayo yatakwambia. Najua Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Subaru Impreza, na tangu siku hiyo kila kijana anataka gari la kuruka. Lakini wewe unaenda kazini Nakuru, mpendwa. Chagua reshio ya safari yako.

Sasa sikiza kwa makini, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea.

Impreza WRX husukumwa na magurudumu yote manne. Magurudumu ya mbele yana reshio yao ndani ya giaboksi, na ya nyuma yana yao ndani ya difu. Pande hizo mbili lazima zikubaliane. Tuseme giaboksi ni 4.444 na umefunga difu ya 4.111. Magurudumu yakizunguka mara 100, giaboksi inataka propela izunguke mara 444, lakini difu inataka mara 411. Mizunguko 33 haina pa kwenda! Katika WRX ya manual ya gia tano, mvutano huo huangukia difu ya katikati, iliyo na kifaa chenye mafuta mazito kinachojaribu kulinganisha mbele na nyuma. Kitachemka, na mwisho kitakufa. Kwenye murram hutasikia haraka, kwa sababu tairi huteleza kidogo na kuficha ugomvi. Kwenye lami, ukikata kona kali, gari litajikaza kana kwamba mtu amelivuta breki.

Kuna kijana mmoja wetu, mpiga gitaa la besi, ambaye difu yake ilianza kulia mwaka huu. Gari hilo ndilo linalompeleka mama yake kliniki kutoka Gilgil hadi Nakuru. Alikuwa na pesa kidogo aliyoiweka kwa ajili ya mahari, akaamua aikate. Akanipigia akiwa dukani: "Pasta, nimepata difu safi, haina hata kutu. Muuzaji anasema difu ya Subaru ni difu ya Subaru."

Nikamwambia, "Kijana wangu, usitume pesa. Hesabu kwanza."

Njia ni hii, na haihitaji mashine. Difu ikiwa chini dukani, piga alama kwa chaki pale propela inapofungwa. Zungusha pande zote mbili za magurudumu kwa pamoja, mizunguko 10 kamili, huku mwenzako akihesabu alama ikipita. Ukipata 44 na karibu nusu, hiyo ni 4.444. Ukipata 41 na kidogo, ni 4.111. Ukipata 39, ni 3.9. Ukihesabu mzunguko mmoja tu unaweza kukosea. Kumi haidanganyi.

Ile difu safi ilitoa 41. Jumamosi tukaliinua gari lake nyuma ya kanisa: magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe, nyuma limekaa juu ya stendi, hendibreki imeachiliwa, propela imefunguliwa. Tukahesabu 44 na karibu nusu. Hatukuishia hapo. Gari lililotumika limepita mikono mingi, na difu iliyomo huenda iliwekwa na mtu asiyehesabu. Tukasoma nambari za giaboksi na kuhakikisha kwamba nayo ni ya 4.444. Kijana akairudia simu, akamwambia muuzaji asante, hapana.

Ilichukua wiki mbili kupata ya 4.444. Wiki hizo mama alipanda matatu kwenda kliniki, na aliponiona aliniambia, "Pasta, matatu si mbaya, ila mgongo wangu ulikuwa umeshazoea kile kiti." Nilicheka, lakini nilijua uchungu wake ni wa kweli. Kusubiri kuna bei. Lakini difu ya 41 ingemla pesa ya mahari, kisha ingemla giaboksi.

Sasa usichukue hesabu hii nusu. Ziko WRX ambazo mbele ni 3.9 na nyuma ni 3.545, na ziko sawa kabisa, kwa sababu ndani ya giaboksi kuna gia nyingine ya 1.1 inayopeleka mwendo nyuma. Zidisha 3.545 kwa 1.1, utapata 3.9. Nambari hazifanani, lakini zinafaana. Na ile difu ya dukani ilifanana na ya kijana kwa umbo, ila haikuifaa gari lake. Angalia pia mashafti ya pembeni, maana difu nyingine hupokea shafti ndani, na nyingine ina shafti inayotokeza nje.

Kama nyumba ya difu ni nzima na unabadilisha gia pekee, nunua krauni na pinioni pamoja. Hizo mbili zilisagwa pamoja kiwandani hadi meno yakajuana. Usichukue krauni ya huyu na pinioni ya yule, hata kama meno yanahesabika sawa. Zitalia, kisha zitakatika. Na fundi akizifunga, aonyeshe kipimo cha nafasi kati ya meno na apake rangi kwenye meno ili aone yanapogusana. Anayekwambia "nitasikiliza kwa sikio tu," mshukuru na uende kwa mwingine.

Mwisho, tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Tairi mbili mpya na mbili zilizokwisha huleta ugomvi uleule, polepole.

Kabla ya kutoa pesa wiki hii, uliza swali moja: hiki kinakwenda kuungana na nini? Usiulize tu kama kinang'aa.

Mtumie kijana yeyote unayemjua ambaye gari lake linalia nyuma. Na ukikwama kuhesabu, niko nyuma ya kanisa Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Njoo na chaki.