Mabanda ya Mawe ya Swaledale

Kaskazini ya Uingereza, katika mkoa wa North Yorkshire, liko bonde liitwalo Swaledale. Mto Swale huteremka kutoka milimani, hupita karibu na vijiji vya Muker na Gunnerside, kisha hufika mji wa Richmond. Askari wengi wa nchi ile huijua sehemu hiyo, kwa kuwa kambi kubwa ya jeshi ya Catterick iko jirani na Richmond. Mgeni apandaye bondeni huona makonde yaliyozungushiwa kuta za mawe, na katika makonde mengi limesimama banda la mawe peke yake.

Mengi ya mabanda hayo yalijengwa katika karne ya 18 na ya 19. Chini walifungwa ng'ombe wakati wa baridi. Juu ziliwekwa nyasi kavu zilizokatwa papo hapo, na samadi ikarudi kondeni. Siku hizi mifugo hulazwa katika mabanda makubwa ya kisasa, na mengi ya yale ya zamani yamebaki matupu. Paa likivuja, boriti huoza. Boriti zikianguka, kuta hufuata.

Wakati huo huo vijana wa bondeni hupata taabu ya makazi, maana nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wanaokuja kupumzika tu. Si ajabu basi mtu alitazame banda la babu yake na kuona ndani yake nyumba ya wanawe.

Njia yenyewe si fupi. Bonde limo katika Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales, iliyoanzishwa mwaka 1954, na ile sheria inayorahisisha kugeuza majengo ya kilimo kuwa makazi haitumiki ndani ya hifadhi. Hapana budi kuomba idhini kamili. Hata popo waliojificha darini hulindwa na sheria.

Idhini hiyo ikipatikana, zabaki kanuni za ujenzi. Idhini huuliza kama nyumba yafaa kuwapo mahali pale. Kanuni huuliza kama watu watalala humo salama. Mkaguzi wa majengo huanza na msingi. Kuta ni nene, lakini aghalabu hazikuchimbiwa chini sana. Fundi akichimba sakafu ovyo, aweza kuuangusha ukuta mzima. Kisha huangalia unyevu: chini ya zege hutandikwa kokoto na karatasi nene ya plastiki. Mawe yale hutaka chokaa, iachayo ukuta upumue. Saruji hufungia maji ndani. Baridi nayo huzuiwa sakafuni, ukutani na paani.

Halafu moto. Kila ghorofa hutakiwa king'ora cha moshi, na vyumba vya kulala vya juu aghalabu huwekewa dirisha la kutorokea, lenye uwazi usiopungua mita za mraba 0.33. Ngazi isizidi mwinamo wa digrii 42, na juu yake kichwa kipate nafasi ya mita 2. Hapo ndipo mambo mawili hugongana: hifadhi haipendi kuta za zamani zitobolewe, na usalama wataka dirisha. Fundi mwenye busara hukiweka chumba penye tundu la zamani la kupitishia nyasi, likawa dirisha.

Mkaguzi huja hatua kwa hatua, kabla kazi haijafunikwa, na mwisho hutolewa cheti. Asiye nacho hupata shida siku ya kuuza nyumba.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni ukuta wenyewe. Idhini ni ya kuligeuza banda lililopo, si ya kujenga jipya. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Swaledale, asiyeziba ufa mapema huenda hata ruhusa ya kuujenga ukuta asiipate.