Daftari Tatu za Mama

Mama yetu alikuwa na daftari tatu: moja ya ugonjwa wa sukari, moja ya shinikizo la damu, na moja ya maumivu ya magoti. Sisi watoto tuligawana kazi. Kaka alimsindikiza kwa daktari wa sukari, dada kwa yule wa moyo, na mdogo wetu alinunua dawa za magoti. Tulijiona watoto wema. Siku moja muuguzi aliziomba daftari zote pamoja, akazisoma kimya, kisha akatuambia kwamba dawa ile ya magoti yaweza kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Daktari akaibadili.

Aibu ile ilitusukuma kusoma kazi ya Chris Salisbury, daktari na profesa wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, aliyechunguza kwa miaka mingi namna ya kuwatunza watu wenye magonjwa ya kudumu zaidi ya moja. Yeye na wenzake walijaribu utaratibu mpya katika vituo 33 vya England na Scotland. Wagonjwa walikuwa 1,546, kila mmoja na magonjwa matatu au zaidi. Karibu nusu yao walipata utaratibu huo, wengine wakabaki na ule wa kawaida. Badala ya kuitwa kwa kila ugonjwa peke yake, mgonjwa alipimwa mzima kila baada ya miezi sita, akaulizwa kwanza: ni jambo gani linalokusumbua zaidi?

Mwaka 2018 walitangaza matokeo katika jarida la The Lancet. Baada ya miezi 15, ubora wa maisha waliotumaini kuuinua haukuongezeka. Hata hivyo, wagonjwa walishuhudia kwamba walitunzwa kwa namna iliyowafaa zaidi. Watafiti hawakuficha lolote. Waliandika yote mawili.

Jambo hilo lilitugusa. Sukari ya mama haitapona, hata tukiziunganisha daftari zote. Je, kumwuliza kungekuwa bure? Jumapili iliyopita tuliketi naye sote, tukamwuliza swali lile. Tulidhani atataja magoti.

Akajibu: “Usingizi, wanangu. Usiku ninawaza ni nani kati yenu atakayechoka nami kwanza.”

Jibu hilo halikuwamo katika daftari hata moja. Sasa tumenunua daftari moja kwa magonjwa yote, na maneno hayo ndiyo tuliyoyaandika kwenye ukurasa wa kwanza.