Tunaogopa Mgambo, Hatuogopi Mtaro

Aisee, kuna jambo nimelificha miaka mingi, leo nalitapika.

Juni 1, 2019, rambo zilipigwa marufuku Tanzania Bara. Ukikutwa umebeba mfuko wa plastiki, faini inaanzia shilingi 30,000. Mtaa mzima presha juu! Wakati huo nilikuwa naishi kwa shangazi, Kigogo, mabondeni kule jirani na Mto Msimbazi. Chini ya kitanda changu kulikuwa na rambo za kutosha kufungulia duka. Basi bwana, usiku nikazifunga bunda, nikanyata mpaka nyuma ya nyumba, nikazitosa mtaroni. Nikalala usingizi wa raia mwema.

Mwisho wa mwaka huohuo mvua zikaja. Mtaro ukagoma kupitisha maji, yakahamia ndani. Godoro likaelea. Cherehani ya shangazi, iliyotulisha na kunilipia ada, ikazama pamoja na vitambaa vya wateja.

Asubuhi kila mtu mtaalamu. Mzee mmoja akasema ni mipango ya Mungu. Mama jirani akailaumu serikali. Kijana msomi akatwambia ni tabianchi, eti wazungu wamechafua hewa kwa viwanda vyao. Kila mmoja alikuwa na lake la kweli. Mimi nikashika koleo, nikazibua mtaro kimya. Unajua kilichotoka? Bunda la rambo, na fundo ni langu mwenyewe.

Aprili 2024 Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, aliliambia Bunge kuwa mvua za El Niño zimeua watu 155. Mtaani nikasikia yaleyale: Mungu, serikali, wazungu. Huku chupa za maji zikirushwa nje ya dirisha la daladala kama kawaida.

Sisi vijana wa mjini sheria ya mazingira tunaifuata tukimwona mgambo. Akigeuka tu, tumerudi kulekule. Lakini mafuriko hayamsubiri mgambo. Hewa ya dunia nzima siwezi kuisafisha peke yangu, sawa. Mtaro wa nyuma ya nyumba je? Ule naufikia kwa mkono.

Shangazi, kama ukurasa huu umefungiwa maandazi yako, nisamehe. Cherehani nitailipa. Ila usinisubiri mlangoni na mwiko.